Diskodi

Niliandika neno ubaoni, chaki ikalia.
Jumatatu usiku, darasa la watu wazima,
Wete, chumba cha nyuma cha ghala la karafuu,
humo hata madaftari hunuka makonyo.
"Diskodi," nikasema. "Nani analijua?"

Kombo Asaa, mwenye gari ya ng'ombe, akawahi:
"Mwalimu, hayo maneno mawili.
Disko, halafu kodi.
Usiku wacheza, asubuhi wadaiwa."
Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.
Sikufanya haraka kumkosoa,
nimekwisha kusoma maana mbovu kuliko hiyo
kwenye kamusi za bei kubwa.

Nikaeleza. Kwanza ni ya sauti:
udi umekazwa hivi, fidla imekazwa vile,
kila kimoja ki sawa kikiwa peke yake,
vikikutana, masikio yanaona haya.
Kisha ni ya watu.
Na matumizi yake, nikasema,
Waingereza huipanda, kama muhogo.

Bi Mize Shaame akaguna.
"Sie fitina hatupandi, twatia.
Kama chumvi.
Chungu cha watu wote, mkono wa mmoja,
na jikoni giza."

Nikaandika: mfarakano, hitilafu, mtafaruku.
Nikaandika kutoelewana, nikalifuta,
refu mno kwa jambo linalotokea
baina ya kuitika salamu na kutoitika.
Bi Mize akasema ngoja, akafumba macho:

*Tulikunywa kwa kisima, kimoja cha mtaani,
Tukalima na kuchuma, karafuu za shambani,
Salamu imetuhama, hatujuani njiani,
Mwisho wetu ni lawama, na mlango umefungwa.*

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Mizani imetimia.
"Bi Mize, na kina cha mwisho?"
"Ndiyo hiyo diskodi yenu," akasema,
akarudi kuchonga penseli kwa wembe.

Mfano wa kitabuni ulikuwa majirani wawili
wanaogombania ua wa michongoma.
Nikausoma. Hakuna aliyeuandika.

Ndipo Hamad Khatib, wa karibu na mlango,
ambaye tangu Mfunguo Nne hajafungua mdomo
ila kuitika jina lake,
akasema, si kwa Kiingereza:

"Mwaka ule wa bendera
baba alikuwa wa huku, ami wa kule.
Duka letu letu, duka lao lao.
Bibi akafariki alfajiri.
Kufika adhuhuri makaburi yamechimbwa mawili.
Sisi letu. Wao lao.
Maiti mmoja."

Feni ikazunguka.
Time Mbarouk, nesi, aliyezoea kuuliza, akauliza:
"Akazikwa lipi?"
"Letu. Tulikuwa wengi siku ile."
"Na lile jingine?"
"Likakaa wazi. Masika yakalijaza maji.
Watoto tulikatazwa kupita, tukapita.
Mie nilikuwa na miaka tisa,
nikitupa vijiwe nisikie kina chake."
"Nani alilifukia?"
"Hapana. Lilijifukia lenyewe, kidogo kidogo,
na mpaka leo pale pana bonde,
na kila upande husema bonde hilo ni la wenzao."

Nilimtazama Kombo, nikimtegemea mzaha.
Alikuwa akikikwangua kiganja chake kwa ukucha,
pale penye sugu.
"Udongo wa pale mgumu," akasema.
"Mawe matupu. Jembe la baba lilipinda."

Hamad hakugeuka.
Alifunga daftari, akalifungua tena,
akauliza kama neno lile lina herufi mbili za d.
Nikamwambia lina mbili, mwanzo na mwisho.
Akaandika polepole,
akitoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo
kama mtoto wa miaka tisa.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mzizi wake,
huko nyuma sana, ni neno la moyo.
Nililiandaa hilo kwa ajili ya kufungia somo.
Sikulisema.
Nilifuta ubao; unyevunyevu wa ghala
ukaacha neno likionekana kwa mbali.

Jumatano tulisoma majina ya zana.
Shoka, msumeno, panga, ngazi.
Nilipofika kwenye jembe niliruka.
Hakuna aliyeuliza,
hata Time.